Kinyozi ni K, Vinyozi ni V

Siku ya Alhamisi, jua likishafika kwenye dirisha la nyuma la duka la dobi, Bibi Pasi hasemeshwi. Simu yake huiegemeza kwenye kopo la wanga, sauti ameifungua hadi mwisho, na yeye yuko juu ya kola ya mtu, mkono mmoja unasukuma pasi, wa pili unavuta kitambaa, sikio liko kwingine kabisa. Mteja akiingia kuulizia suruali yake, anayemjibu ni wifi yake Bibi Pasi, kutoka kule kwenye mabeseni.

"Ngoja kidogo, kaka. Yuko shuleni."

Neno hilo wifi hakulichagua hivihivi. Alijua linachoma wapi.

Shule yenyewe ilikuwa kundi la watu kwenye simu, watu wasiowahi kuonana. Lilianzia redioni, kwenye kipindi cha mafumbo ya muziki ambacho wasikilizaji walikitumia majibu kwa sauti zao. Kipindi kilipofutwa, mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akawakusanya wale waliokuwa hawakosi, akawafungulia kundi lake mwenyewe, na wao wakamwita Refa. Refa alipiga gitaa katika bendi za mahoteli mpaka vidole vikamgomea. Sasa kazi yake ilikuwa kuuliza. Kila Alhamisi ilikuwa na herufi yake, kuanzia A kwenda mbele, na fumbo moja la mambo ya muziki. Jibu likiwa chombo, au mtindo, au namna ya kuimba, ni sawa, ila lazima lianze na herufi ya wiki. Wakifika Z wanarudi A, na mafumbo mapya.

Alikuwamo Dereva wa lori la masafa marefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kubishana na injini. Alikuwamo Nesi, ambaye hujibu akinong'ona kwa sababu yuko wodini. Walikuwamo na wengine wa kuja na kuondoka. Kwa pointi Bibi Pasi alikuwa wa pili, nyuma ya Dereva, na hilo alilihesabu kuwa jambo la kupita.

Yeye alijibu kwa sauti siku zote. Wenzake walipoanza kuandikaandika, wakamuuliza mbona yeye haandiki hata salamu, alisema, "Mikono yangu ina wanga." Likawa jina lake la pili. Dereva akiamka asubuhi humsalimu hivyo: "Bibi Pasi, shikamoo, na wanga shikamoo." Naye humwitikia marahaba zote mbili.

Mambo yaliharibikia kwenye L.

Refa aliuliza: "Maneno ya wimbo unaweza kuyatoa yote na kuweka mengine, na bado mtu akajua ni wimbo uleule. Kilichobaki pale kinaitwaje?"

Bibi Pasi alikuwa wa kwanza. "Rahani," akasema, akarudi kwenye kola yake.

"Refa, nimesikia R," akasema Dereva. "Tuko kwenye L. Hiyo rahani ni kitu cha kuweka bondi au ni nini?"

"Amesema lahani, sote tunamwelewa," Nesi akanong'ona.

"Mimi ninaelewa nilichosikia."

"Safisha masikio, baba," akasema Bibi Pasi. "Nimesema rahani, kama kila mtu anavyosema."

Ukweli ni kwamba r na l mdomoni mwake ziliishi nyumba moja, na yeyote aliyefika mlangoni kwanza ndiye aliyetoka. Katika mdomo wake mwenyewe hakuwahi kusikia tofauti. Maneno yakaendelea mpaka mwisho wa juma, sauti juu ya sauti, mtu mmoja akajitoa kundini kwa hasira na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mwishowe Refa akatoa hukumu. Kuanzia herufi inayofuata, hakuna jibu la sauti. Kila mtu aandike, amtumie Refa peke yake ili wengine wasinakili, naye atawasomea wote kesho yake. Fumbo na herufi yeye ataendelea kuvitaja kwa mdomo, kwa sababu macho yake hayapendi kuandika. Na kwa kuwa kuna watu nje wanasubiri nafasi, mtu akikaa kimya herufi moja atasamehewa. Akikaa kimya ya pili katika mzunguko huo, kiti chake anapewa mwingine.

"Bibi Pasi," akamalizia, "itabidi wanga unawe."

Bibi Pasi aliisikiliza hukumu hiyo amesimama, pasi hewani, mpaka mvuke ukamalizika. Kisha akaikanyagia kwenye mgongo wa shati kama shati ndilo lililosema.

Herufi zake ziliishia P. Alizipata zamani, kwenye darasa la watu wazima, mtoto mgongoni. Walikwenda vizuri, ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mpaka pa pe pi po pu. Siku ya kufundishwa ra, mwalimu, binti mdogo mwenye rula, akamsimamisha asome. Akasoma la. "Ra," mwalimu akasema. "La," akajibu. "Tazama ulimi wangu, mama. Ra." "Ndicho ninachosema." Wanawake wenzake wakacheka, tena si kidogo, maana na wao walikuwa wamechoka siku hiyo na walihitaji cha kuchekea. Bibi Pasi akaweka chaki mezani taratibu, akamkaza mtoto mgongoni, akatoka. Mwalimu alimfuata nyumbani mara kadhaa kumbembeleza. Akamkaribisha, akampa maji ya kunywa, akamsindikiza hadi barabarani. Darasani hakurudi. Herufi zilizobaki aliwaachia waliocheka.

Na kwa maisha yake yote tangu hapo hazikumpungukia. Dobi haandiki. Basi ndivyo mambo yalivyosimama: kuanzia R kwenda mbele hakuwa na kitu, ila ile U ya bu, na Alhamisi ndiyo siku pekee ambayo watu walimngoja yeye afungue mdomo.

Wiki ya M alibahatika. Jibu lilikuwa mapigo, na neno hilo lote liko upande wake. Aliandika polepole, kidole kimoja, akilaani aliyezipanga herufi za simu, maana zilikuwa zimetawanywa ovyo kama nguo zilizoangushwa na upepo. Wiki ya N ikawa ngoma. Alipopata pointi hiyo alianza kuamini kwamba huyu Refa ni mtu wa haki. Wiki ya O fumbo lilikuwa la wapigaji wengi wanaokaa mbele ya mtu mmoja asiyepiga chochote zaidi ya kupunga kijiti. Alilijua kabla Refa hajamaliza. Akaandika O, akaandika K, akaandika E, akafika ukingoni. Alikaa pale na kidole chake mpaka skrini ikajizima.

"Bibi Pasi wiki hii kimya," akasema Refa kesho yake. "Msamaha wako umekwisha, mama. Kuwa mwangalifu."

"Simu ilizima," akasema. Hakudanganya.

P ilikuwa pembe, akapumua.

Sasa mtu angeuliza, si wifi yake yupo? Wifi, dada wa marehemu mumewe, waliishi naye nyumba moja na kufanya kazi duka moja, mmoja anafua, mwingine anapiga pasi. Wifi alimaliza shule ya msingi na hakuruhusu mtu asahau. Angemwonyesha herufi zote mara moja, bila shaka. Halafu angemwonyesha tena mbele ya wateja, angemwonyesha kwenye foleni ya maji, na angewahadithia wageni wa kila msiba kwamba alimfundisha wifi yake kusoma uzeeni. Bibi Pasi alikuwa radhi aunguze kola ya wakili kuliko kumwomba.

Alhamisi ya R ikafika na kumkuta na shati jeupe mezani, shati la rubani, lenye mikanda ya mabegani inayotaka kupigwa kwa ncha ya pasi. Sauti ya Refa ikatoka nyuma ya kopo la wanga.

"Wiki hii tuko kwenye R. R ya redio. R ya rubani. Bibi Pasi, nimesema rubani, sijasema lubani. Haya. Dansi ya watu wawili, haina haraka, magitaa yanafuatana kama gari na tela lake, na kazi yote inafanywa na kiuno. Ni nini?"

Dereva alicheka kwanza, kwa ajili ya lubani.

Bibi Pasi hakumsikia. Alikuwa amekwisha kuigeuza kola. Kila mteja wa kudumu alikuwa na alama yake humo ndani, bosi mwenye duka aliishona kwa uzi mwekundu ili nguo zisichanganyike, na yeye hakuwahi kuzijali. Alama za bosi zilikuwa za bosi. Shati la rubani alilijua kwa mabega yake, koti la wakili kwa kwapa lililochoka. Sasa akaitazama. Kijiti kimesimama, kichwa cha duara, mguu mmoja umetupwa mbele kama mtu anayetaka kumpiga mwenzake ngwala.

"Kumbe ndiye wewe," akasema.

"Unasema na nani?" wifi akauliza.

"Na shati."

"Limekujibu?"

"Limejibu."

Akaiwinda ile sura kwenye simu mpaka akaiona, akaibonyeza. Zilizobaki zilikuwa zake. Kesho yake Refa akasoma waliopata: Dereva, Nesi, Bibi Pasi.

"Bibi Pasi kaandika R?" Dereva akauliza. "Hebu tuambie, nani kamwandikia?"

"Rubani," akajibu. Kundi zima likacheka, na yeye akawaacha wacheke.

Hiyo R aliipenda kuliko alivyotaka kukubali. Ilikuwa herufi yenye mapambo. Ukiiweka karibu na L, L yenyewe ilionekana kama kitu ambacho fundi alikiacha katikati akaenda kula.

Siku iliyofuata alikuja kazini mapema, akapita kwenye bomba refu la kutundikia nguo, akageuza kola moja baada ya nyingine. Kwa kuwa sasa alijua bosi anafuata nini, ikawa ni kumtaja mwenye nguo na kuitazama alama yake. Sonara, yule wa fulana za hariri: nyoka. Tabibu na makoti yake: mlingoti. Wakili, yaya wa nyumba ya ghorofa na aproni zake, mpaka mwisho kabisa, kwenye sare nzito za zimamoto, ambazo alama yake inakwenda kulia, inarudi kushoto, inakwenda tena kulia. Wote walikuwepo. Akarudia kwa mdomo ule mpangilio ambao kundi lilikuwa likiuimba kila mzunguko: ra, sa, ta, va.

Akasimama. Va hakuwa na mtu.

Akatafuta kwenye vikapu. Akatafuta kwenye nguo zilizosahauliwa na wenyewe tangu zamani. Hakuna mteja wa V katika duka zima.

S na T zilipita salama. Wiki ya santuri alihitaji watu watatu, na wifi akamwuliza kwa nini koti la tabibu limelazwa juu ya fulana ya sonara, na shati la rubani juu yao.

"Wanajuana," akasema Bibi Pasi.

Lakini kila pointi ilimsogeza kule. Hata akijua jibu la V kabla halijaulizwa, hangekuwa na mlango wa kuliingilia, na msamaha aliutumia kwenye O. Nje kulikuwa na watu wanasubiri. Alifikiri juu ya kiti chake akipewa kijana asiyejua santuri ilizunguka upande gani.

Wiki ya U, siku ya Jumatatu, aliingia mwanamume mwenye ndevu zilizokatwa kwa kipimo, amebeba furushi la taulo. Zilikuwa za kinyozi wa pale kwenye kona. Bibi Pasi alizijua kwa nywele zake, maana hata zikifuliwa vipi, pasi haikosi kukuta unywele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwenye taulo zake yuko wapi?"

"Kaka ananyoa. Amenituma mimi. Siku hizi tuko wote pale, na bado watu wamejaa, wawili hatutoshi."

Bibi Pasi akasimamisha pasi kwa kisigino chake. "Nyinyi wawili."

"Ndiyo, bibi. Mimi na kaka."

"Unanyoa na wewe? Huchezi tu na mkasi?"

"Nanyoa, bibi."

"Haya, baba. Nenda kanyoe."

Akaichukua taulo ya juu, akaitazama pembe yake. K. Hiyo alikuwa nayo tangu darasani. Akaibeba mpaka kwenye meza ya bosi, ambaye alikuwa na miwani puani na mdomo umejaa pini.

"Bosi, hizi taulo zina alama ya uongo."

Bosi akatoa pini moja moja. "Uongo gani tena, mama?"

"Umeweka K. K ni kinyozi. Hawa wako wawili. Hawa ni vinyozi."

"Mama, duka ni moja."

"Duka halinyoi mtu. Wananyoa wao."

"Na taulo ni zilezile."

"Zilezile, wenyewe wameongezeka. Kesho yule mkubwa atakuja achukue zote, mdogo atauliza za kwake, wewe utasema nini? Utasema K? K ni mtu mmoja."

Wifi alikuwa ameacha kusuuza. "Bosi, usimsikilize. Mbona zimamoto ni kikosi kizima na alama yao ni moja?"

Bibi Pasi hakugeuka. "Zimamoto akiwa mmoja ni zimamoto, wakiwa kikosi ni zimamoto. Hao mdomo hauwapi shida. Kinyozi ndiye anayebadilika."

"Na wakili je?" bosi akauliza. Sasa alianza kupendezwa.

"Wakili yuko mmoja, na huyo mmoja anatosha."

Bosi akacheka, akajikuna chini ya miwani. Alikuwa mtu mwema na mvivu wa kubishana, na alijua vilevile kwamba hakuna mwingine mjini anayejua kusimamisha kola ya yule wakili.

"Niziache kama zilivyo, utafanyaje?"

"Sitazigusa. Zitakwenda na mikunjo yake. Watu watapanguswa nyuso kwa mikunjo, na wataulizana taulo zimefuliwa wapi."

Basi bosi akachukua sindano, akakata uzi mwekundu. K aliifumua kwa ncha ya wembe. Bibi Pasi alisimama palepale, mikono kiunoni, kama mtu anayesimamia fundi asiibe saruji. Uzi ulishuka kwa mshazari, ukafika chini, ukapanda kwa mshazari upande wa pili. Basi. Bosi akafunga fundo.

"Hiyo tu?" Bibi Pasi akauliza.

"Ulitaka maua? V ndiyo hiyo."

Bibi Pasi akaipokea taulo, akaigeuza kwenye mwanga. Kola ya shati lililofunguliwa kifungo cha juu. Alikuwa amezipiga pasi maisha yake yote.

Wifi alimtazama yeye, akaitazama taulo, akaitazama simu pale kwenye kopo la wanga. Naye alisikia kundi kila wiki, hakuwa kiziwi. Alijua wiki hii ni U.

"Wifi," akasema baadaye, wakikunja mashuka, mmoja ncha hii, mmoja ncha ile. "W unayo?"

"Ya wakili."

"Y?"

"Ya yaya."

"Na Z?"

"Si nimekwambia zimamoto hawana shida."

Wakakutanisha ncha za shuka. Wifi akalichukua, akaliweka juu ya mengine, akarudi kwenye mabeseni. Tangu siku hiyo wateja wa Alhamisi wakaanza kuambiwa kwamba Bibi Pasi yuko kazini.

Fumbo la V lilikuja mchana wa mvua, mashati yamejaa kwenye bomba hayataki kukauka. Refa alikuwa na mafua.

"V. Ala hii hainunuliwi dukani na haina nyuzi wala ngozi. Wanawake wanayo mdomoni, na wakiipiga kwa furaha, hata bendi nzima hufunikwa. Ni nini?"

Bibi Pasi aliweka taulo ya vinyozi mbele yake, ingawa hakuihitaji tena. Akabonyeza V. Akabonyeza I, akabonyeza G, akabonyeza E. Hapo palikuwa na njia mbili, na kwa kuwa neno lilimjia mdomoni namna moja tu siku hiyo, na kwa kuwa kuna herufi aliyoitolea jasho na nyingine aliyopewa bure darasani, hakusita. Alipomaliza aliipitia yote kwa kidole toka mwanzo, akamtumia Refa, akavuta shati la pili.

Kesho yake kundi zima lilikuwa limekaa tayari, maana Dereva alishatangaza kwamba wiki hii wanga utajulikana.

"Dereva, vigelegele, sawa," akasoma Refa, akapiga chafya. "Nesi, vigelegele, sawa. Bibi Pasi." Akaendelea polepole, kama mtu anayesogeza simu karibu na macho. "Bibi Pasi ameandika vi-ge-re-ge-re."

"Refa, hilo neno halipo," akasema Dereva.

"Lipo," Nesi akanong'ona. "Ila limepita kwa dobi."

"Nimeshaamua," akasema Refa. "Tunacheza herufi ya kwanza, na ya kwanza ni V, tena imenyooka. Kiti chake hakiguswi. Pointi nampa nusu."

"Nusu kwa nini?" Dereva akadai. "Ama lipo ama halipo."

Hapo wakaanza upya, na mabishano hayo yaliwafikisha mpaka wiki ya W. Bibi Pasi hakuchangia. Nusu ile aliihesabu kuwa ni kosa la Refa, na makosa ya Refa alikuwa na desturi ya kuyasamehe. Jambo jingine ndilo lililomshughulisha. Alirudisha ile sauti nyuma kwa kidole, akasikiliza tena pale Refa anaposoma, silabi kwa silabi, mtu aliyesoma na aliyepiga gitaa mahotelini. Akamwita wifi yake aje asikilize na yeye.

"Umesikia?" akasema. "Huyu ndiye wa kwanza kulitamka sawasawa."